Namna ya kupata fungu la elimu maalumu kwenye shule ya serikali: maelezo ya fundi mmoja wa Pasua

Mimi ni fundi ujenzi, naishi Pasua, Manispaa ya Moshi. Kijana wangu ana mtindio wa ubongo, anatembelea kiti mwendo, na anasoma shule ya msingi ya serikali yenye kitengo maalumu. Kwa muda sasa nimo kwenye kamati ya shule. Wazazi wenzangu wananisimamisha njiani: "Fundi, ninyi mlifanyaje mkapata rampu na mwalimu wa pili?" Rampu ni ile njia ya mteremko ya kupandishia kiti mwendo badala ya ngazi. Mambo haya hayaelezeki ukiwa umeshika toroli, kwa hiyo nayaandika hapa yote.

Kuna jambo moja ambalo ukilishika, mengine yanafuata. Serikali inatoa kwa hesabu na kwa kalenda. Mtoto asiyekuwemo kwenye takwimu za shule, kwa halmashauri hayupo, hata kama kila asubuhi anapita mbele ya ofisi yao akiwa mgongoni kwa mama yake. Na ombi likifika nje ya muda wake, liwe zuri kiasi gani, litasubiri mwaka. Mzazi anakwenda kwa Mkurugenzi mwezi Juni, anapokelewa vizuri, anasikilizwa, anapewa pole, anarudi mikono mitupu. Anaona wamemdharau. Kumbe bajeti ya mwaka unaoanza Julai madiwani walishaipitisha mapema mwaka huo, na aliyempa pole hana pa kuchomoa hata laki moja.

Anza na daftari la takwimu

Kila mwaka shule hujaza fomu za takwimu, kwa kawaida Machi, na siku hizi taarifa za mwanafunzi mmoja mmoja zinaingizwa pia kwenye mifumo ya kompyuta. Ndani yake wanafunzi wenye ulemavu wanapangwa kwa aina: wasioona, uoni hafifu, viziwi, ulemavu wa viungo, ulemavu wa akili, usonji, ualbino, viziwi wasioona. Afisa elimu maalumu wa halmashauri anasoma hapo, TAMISEMI wanasoma hapo, Wizara inasoma hapo. Idadi ya vitabu vya nukta nundu vya Taasisi ya Elimu, vifaa, walimu, vyote vinaanzia kwenye namba hizo.

Mwombe mwalimu mkuu muikague pamoja kabla haijaondoka shuleni. Nenda kwa heshima, usiende kama mkaguzi. "Shikamoo mwalimu, naomba kamati tuone jedwali la watoto wenye ulemavu kabla halijapelekwa." Walimu wakuu wengi hawakatai, tena wengine wanafurahi kupata mtu wa kusaidiana naye, maana fomu ni ndefu na siku ni chache.

Ukiliona, angalia kwanza kama watoto wote wamerundikwa kwenye safu moja. Safu inayopendwa ni ya ulemavu wa akili. Kiziwi akiandikwa huko, ataombewa mwalimu ambaye hajui alama hata moja, na mtoto atakaa miaka saba akinakili ubao asiouelewa. Pili, watafute walioachwa nje kwa sababu wako madarasa ya kawaida na wanaonekana wazima: binti anayesogeza daftari mpaka puani, mvulana ambaye sikio lake linatoka usaha tangu chekechea, mtoto mwenye ualbino anayekaa nyuma kwa sababu ni mrefu. Huyu wa mwisho watu wanamkumbuka kwa kofia na mafuta ya jua tu, ilhali uoni wake karibu kila mara ni hafifu na anastahili kiti cha mbele na maandishi makubwa. Mafuta yenyewe, kwa taarifa yako, yanatengenezwa hapa hapa Moshi, KCMC, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi. Uliza hospitali namna mtoto wako anavyoweza kuyapata.

Tatu, wale walioko nyumbani. Hawa ndio wengi na ndio wagumu. Uandikishaji wa awali na darasa la kwanza unaanza Oktoba na kuendelea mpaka Desemba. Tumia kipindi hicho kuzunguka na mwenyekiti wa mtaa na mabalozi, wao wanajua kila nyumba ina nani. Na sisi wa huku tuna Desemba yetu: watu wanapopanda mlimani kwa Krismasi, ndipo unapojua nani ana mtoto amemwacha kwa bibi Kibosho au Uru. Mtoto huyo hahesabiwi mjini kwa wazazi na hahesabiwi kijijini, kwa sababu bibi haoni haja ya kumpeleka shule. Mzazi hashawishiwi kwa kuhubiriwa. Mwonyeshe mtoto mwingine wa aina hiyo hiyo aliyeko shuleni. Mimi huwa naenda na kijana wangu, anasalimia kwa sauti yake ile nzito, bibi anacheka, mazungumzo yanaanza.

Kila mtoto unayemwongeza awe na karatasi ya hospitali kama inawezekana. Macho, masikio, viungo, vyote vinapimika hapa Moshi. Toa nakala mbili, moja ibaki kwenye faili lake shuleni na nyingine nyumbani kwako. Mwalimu mkuu anaweza kuhama na afisa elimu naye anaweza kuhama, lakini hiyo karatasi itabaki.

Jua pesa iko wapi kabla hujaiomba

Wazazi wengi wanapigana na mwalimu mkuu juu ya ruzuku. Tufanye hesabu. Ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo 4,000 zinabaki juu kwa ajili ya vitabu, 6,000 ndizo zinazofika shuleni. Kitengo chenye watoto 20 maana yake ni 120,000 kwa mwaka mzima. Watoto watatu wakienda na kurudi kwa bodaboda, buku moja kila safari, siku 20 za masomo, hiyo 120,000 imekwisha kwa mwezi mmoja. Mwalimu mkuu unayemkunjia shati hana kitu mfukoni.

Pesa ambazo kweli zinaweza kusogezwa ziko sehemu nyingine. Kuna mapato ya ndani ya halmashauri, ambamo sehemu lazima iende kwenye miradi ya maendeleo. Kuna miradi ya ujenzi inayoletewa fedha na serikali kuu, na hapo ombi lako ni kwamba jengo linalokuja liwe la kuingilika. Kuna ikama, yaani makadirio ya watumishi, ambayo halmashauri hupeleka juu kila mwaka. Kwa vitengo vya bweni kuna fedha ya chakula. Hivi vyote vina watu wa kuamua na tarehe za kuamua.

Kwa pembeni niseme, ile asilimia 2 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa watu wenye ulemavu ni ya mikopo ya vikundi. Haijengi choo cha shule. Nimesikia watu wakiidai vikaoni kwa ukali mkubwa, na maofisa wanafurahi, kwa sababu ni dai rahisi sana kulijibu.

Kalenda iko hivi. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Robo ya mwisho ya mwaka wa kawaida, kuanzia Oktoba hivi, ndipo mipango ya mwaka ujao inapokusanywa kutoka mitaani, vijijini na shuleni. Januari na Februari halmashauri zinakaa kuijadili na kuipitisha. Aprili mpaka Juni ni Bunge. Kwa hiyo kikao chenu cha kamati ya shule cha kuweka vipaumbele kifanyike Agosti au Septemba, jambo liingie kwenye mpango wa maendeleo ya shule, liende Kamati ya Maendeleo ya Kata, na diwani alibebe kutoka hapo. Mkifika kwa afisa elimu kata Novemba mkiwa na muhtasari uliosainiwa na kupigwa muhuri, mmefika kwa wakati.

Muhtasari ndio nguvu ya kamati. Maneno yaliyosemwa kikaoni yasipoandikwa hayakusemwa. Mwombe katibu, ambaye ni mwalimu mkuu, aandike jambo lenu kwa kipengele chake chenye namba, likiwa na idadi ya watoto na makadirio ya gharama. Likiwekwa chini ya "mengineyo" limekufa.

Kuhusu sheria, usiende na mzigo wa vifungu. Zitoshe mbili tatu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya elimu sawa na wengine, na inaunda kamati za watu wenye ulemavu kuanzia kijiji na mtaa. Ulizia ya mtaa wenu kama ipo na nani wamo. Kuna Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, na Ibara yake ya 24 ni ya elimu. Katiba yetu inataja elimu kwenye Ibara ya 11, ila usiitegemee peke yake. Ibara ya 7(2) inasema masharti ya sehemu hiyo hayatekelezwi kwa nguvu ya mahakama, na ofisa aliyesoma atakukumbusha kwa tabasamu. Sheria ya 2010 haina mlango huo wa kutokea.

Barua

Iwe ukurasa mmoja. Iandikwe kwa Mkurugenzi, ipite kwa mwalimu mkuu na afisa elimu kata, nakala kwa diwani na kwa afisa ustawi wa jamii. Usirukie ngazi, barua iliyoruka inarudishwa chini kwa miguu yake na umepoteza mwezi. Mwili wake unaweza kuwa hivi, weka namba zenu:

*YAH: OMBI LA KUINGIZWA KWENYE BAJETI RAMPU MBILI NA CHOO CHA WANAFUNZI WENYE ULEMAVU*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kamati ya Shule katika kikao chake cha tarehe … (muhtasari umeambatishwa, kipengele namba …) ilijadili mahitaji ya wanafunzi 23 wenye ulemavu waliopo: ulemavu wa akili 11, viungo 6, uoni hafifu 4, uziwi 2. Kati yao 6 hawawezi kuingia darasani wala chooni bila kubebwa.*

*Kamati inaomba kazi zifuatazo ziingizwe kwenye mpango na bajeti ya mwaka wa fedha … Makadirio ya vifaa na ufundi yameambatishwa. Wazazi watachangia mawe, mchanga na nguvu kazi ya kuchimba.*

*Tunaomba kujulishwa kwa maandishi hatua iliyofikiwa.*

Hiyo sentensi ya mchango wa wazazi usiiache. Mradi ambao wananchi wameshaweka mawe ni mgumu kukataliwa, na diwani yeyote anajua hivyo. Na ile ya mwisho inakupa haki ya kurudi kuuliza. Peleka masjala, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Usiondoke bila muhuri, hata kama karani amekwenda kunywa chai.

Jengo: hapa ndipo mimi mwenyewe ninapojua

Siku hizi majengo mengi ya shule yanajengwa kwa fosi akaunti. Fedha inaingia kwenye akaunti ya shule, zinaundwa kamati tatu, ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, na wanachaguliwa wananchi na walimu. Mafundi ni wa hapa hapa. Mzazi wa mtoto mwenye ulemavu aingie kamati ya ujenzi. Ikishindikana, aingie ya mapokezi. Nafasi hizi hazigombewi sana kwa sababu hazina posho ya maana, lakini rampu inapona au kufa humo ndani.

Inakufa hivi. Michoro inayotoka juu kwa kawaida inayo rampu. Fedha zinapoelekea kukata, kitu cha kwanza kuondolewa ni hiyo rampu, kwa sababu jengo linaonekana limekamilika bila yake. Au inajengwa mwishoni kwa mabaki ya kokoto, fupi na kali. Nimeona shule moja, siitaji, ina rampu ya mita mbili kwenye baraza lenye vidato vitatu. Ile ni bembea ya kuteleza, mtoto mwenye magurudumu akiachiwa pale anaishia kwenye bustani ya mwalimu wa zamu.

Kipimo ni kimoja kwa kumi na mbili. Kila sentimita 1 ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Vidato vitatu vya sentimita 15 ni kimo cha 45, kwa hiyo rampu ni mita 5 na sentimita 40. Siyo mbili wala tatu. Kama kiwanja hakitoshi, ikunje, weka bapa la kupumzikia kwenye kona, mita moja na nusu kwa mita moja na nusu ili kiti kigeuke. Upana usipungue mita 1.2. Rampu ya kimo hicho, kuta za bloku pembeni, ndani mawe yaliyoshindiliwa, juu jamvi la sentimita 10, inakula mifuko saba mpaka minane ya simenti. Ipigie hesabu kwa bei ya siku hiyo na uiandike kwenye makadirio tangu mwanzo. Ukilinganisha na gharama ya darasa zima ni kiasi kidogo mno, na ndiyo maana sielewi kwa nini inakuwa ya kwanza kukatwa.

Msimamie fundi kwenye mambo matatu. Asipige niru juu. Fundi anayejivunia kazi yake atataka iwe laini na ing'ae, masika ikifika inakuwa barafu. Avute ufagio mgumu kwa kukatiza zege likiwa bado bichi, ibaki na mikwaruzo. La pili ni chini, pale rampu inapokutana na udongo. Mvua mbili tu za Aprili zinachimba pale na kuacha kidato kipya cha nusu kiganja, na rampu yako imekuwa ya mapambo. Mwaga bapa la zege la mita moja na nusu mbele yake, lilale sawa na ardhi, na kama fedha inaruhusu, endeleza njia ya zege mpaka getini. La tatu ni ukingo wa pembeni, kimo cha sentimita 10 hivi, gurudumu lisichomoke.

Kisha mlango. Tundu la sentimita 90 likishawekwa fremu linabaki 80 hivi. Viti vya watoto vinapita hapo, ila mtoto anayesukuma magurudumu mwenyewe anachubuka vidole. Omba tundu la mita moja. Na kizingiti kile cha kuzuia maji kiondolewe, hata cha sentimita 5 kinakamata magurudumu madogo ya mbele na kumwaga mtoto kifudifudi. Maji yazuiwe kwa kuinamisha baraza.

Chooni watu wanahesabu matundu tu, moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25 kama mwongozo unavyotaka, na tundu la watoto wenye ulemavu linageuzwa stoo ya mafagio kwa sababu kiti hakiingii. Nafasi ya ndani itoshe kiti kugeuka, mita moja na nusu. Mlango ufungukie nje, ili mtoto akianguka ndani asiuzibe kwa mwili wake. Bomba za kushikia zichomelewe vizuri na kuingia ukutani, zisining'inie kwa skrubu. Kimo chake usikisome kwenye karatasi. Mlete mtoto. Kabla hatujamwaga zege tuliwaleta watoto wawili saitini na viti vyao, nikachora sakafuni kwa chaki tundu lilipo na ukuta ulipo, mmoja akajaribu kuhama kutoka kitini. Tukahamisha ukuta kwa bloku moja. Mhandisi wa halmashauri alikuwapo, akatazama, akasema sawa. Watu wengi hawabishani na mtoto aliyekaa mbele yao akijaribu.

Walimu

Sisi wa Kaskazini tuna bahati ya kuwa karibu na Chuo cha Ualimu Patandi, pale Tengeru, ukishapita Usa River kuelekea Arusha. Ndicho chuo cha serikali kinachojulikana nchi nzima kwa kufundisha walimu wa elimu maalumu. Ukaribu huo haukuletei mwalimu mlangoni, lakini unakusaidia kujua kitu kimoja: walimu hawa wana fani. Kuna aliyesomea uziwi, aliyesomea uoni, aliyesomea ulemavu wa akili. Usiandike "tunaomba mwalimu wa elimu maalumu". Andika "tunaomba mwalimu mwenye fani ya uziwi, watoto wapo 2 kitengoni na 3 madarasa ya kawaida". Ndiyo maana nilisisitiza zile safu za takwimu.

Kabla hujaomba mwalimu mpya, ulizia walimu mlionao. Katika shule za halmashauri hiyo hiyo huenda yupo aliyesomea fani hiyo na anafundisha Jiografia darasa la sita kwa sababu shule yake haina kitengo. Uhamisho wa ndani ya halmashauri ni wepesi kuliko ajira mpya. Afisa elimu maalumu anao uwezo wa kuwatambua, mwombe kwa maandishi orodha ya walimu wenye fani na vituo vyao.

Walimu wa kawaida nao wana vikao vya MEWAKA, mafunzo endelevu kazini. Kamati inaweza kupendekeza kipindi kimoja kwa mwezi kiwe cha Lugha ya Alama au cha kumfundisha mtoto mwenye usonji, na mwalimu wa kitengo akawa mwezeshaji. Haihitaji bajeti. Tumefanya hivyo, na mwalimu wa darasa la tatu sasa anaweza kumwambia kiziwi kwa mikono "kaa mbele" na "umefanya vizuri". Ni kidogo, lakini mtoto ameacha kutoroka.

Mhudumu wa kuwasaidia watoto chooni na wakati wa kula ni kidonda. Shule nyingi za kutwa hazina nafasi hiyo kwenye ikama, na mzigo unaangukia kwa mama mmoja anayeshinda shuleni badala ya kwenda sokoni. Omba nafasi hiyo kwenye mapato ya ndani kama kibarua wa mkataba, na iandikwe kila mwaka mpaka ikubaliwe. Wakati huo wazazi wapangiane zamu, na akina baba wawemo. Hii ya kuwaachia akina mama peke yao mimi naikemea kwenye kila kikao, na bado wenzangu wanachelewa makusudi.

Mitihani

Hapa ni haraka. Baraza la Mitihani linatoa karatasi za nukta nundu kwa wasioona na maandishi yaliyokuzwa kwa wenye uoni hafifu, na mtahiniwa mwenye mahitaji maalumu anaongezewa muda: dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Lakini lazima awe amesajiliwa kwa aina ya ulemavu wake. Mtihani wa darasa la saba unafanyika Septemba, usajili unakuwa miezi mingi kabla. Mzazi wa mtoto wa darasa la nne na la saba aulize mapema, Januari ya mwaka huo wa mtihani, aone kwa macho yake jinsi mtoto alivyoingizwa.

Wasipojibu

Ipe barua muda wa kutosha, kisha rudi na nakala yenye muhuri, uliza imefika meza gani. Kama bado kimya, tumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Usiombe maelezo marefu, omba kitu kinachohesabika: "Naomba nakala ya ukurasa wa bajeti unaoonyesha fungu la elimu maalumu kwa mwaka huu, na kiasi kilichokwishatolewa." Swali hilo linafanya kazi ambayo kelele haifanyi. Diwani naye akipewa swali lililoandikwa tayari ataliuliza kwenye baraza, akipewa malalamiko atakupa pole. Vyama vya watu wenye ulemavu, CHAVITA kwa viziwi, chama cha wasioona, wenzetu wa ualbino, na shirikisho lao SHIVYAWATA, wana wazoefu wa kazi hii na wanajua milango. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora iache mpaka ngazi za chini zimekwisha na una karatasi zote.

Vitu vya wafadhili

Moshi haina uhaba wa wageni. Wanakuja kupanda mlima, wanapita shuleni, wanaacha viti mwendo, wanapiga picha. Vipokeeni, ila kwanza ulizeni kama kiti kina ukubwa wa mtoto na kama matairi yake yanapatikana mjini. Kiti kikubwa kinampinda mtoto mgongo. Na msikubali msaada uandikwe kwenye taarifa kana kwamba hitaji limekwisha, maana mwaka unaofuata halmashauri itasema shule hiyo ina mfadhili.

Kila kifaa kiingizwe leja ya shule siku hiyo hiyo, viti, shimesikio, fimbo nyeupe, mashine za nukta nundu. Kamati ya mapokezi isaini. Kisha fundi, au mwanafunzi mwenye mkono mzuri, achore jina la shule na namba ya leja kwa rangi ya mafuta kwenye chuma chini ya kiti, upande ambao hausuguliwi na nguo. Chombo kikiharibika, fundi baiskeli yeyote wa mtaani anaweza kubadilisha beringi na spoku, risiti yake ikaingia kwenye matumizi ya shule, na ikiwa imeingia hapo utaitumia Septemba kuthibitisha kwamba matengenezo ni gharama ya kila mwaka inayostahili fungu lake.